Uholanzi 38, Ubelgiji 65: alama za utamaduni zinasema nini, na tamaduni ndogo zikae wapi?

Swali: Nafanya kazi kitengo cha mafunzo cha kampuni yenye ofisi Uholanzi na Ubelgiji. Nimeombwa ripoti ya kulinganisha utamaduni wa nchi hizi mbili ili mameneja wanaohamishwa wajue wanachokwenda kukutana nacho. Nimepata jedwali la alama za nchi. Kwa umbali wa mamlaka, Uholanzi ina 38, Ubelgiji 65. Lakini Wabelgiji watatu niliozungumza nao hawafanani hata kidogo, na mmoja amesisitiza kwamba hakuna kitu kinachoitwa utamaduni wa Ubelgiji. Alama hizi nizichukulieje? Na tamaduni ndogo niziweke wapi, sura ya mwisho?

Jibu: Ndugu, nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake litaipindua ripoti nzima. Tamaduni ndogo zisikae sura ya mwisho. Zikikaa huko zinakuwa mapambo: umeshamaliza kusema "Wabelgiji wako hivi", kisha unaongeza kurasa mbili za "ila wapo pia wale". Kazi yake halisi ni kuijaribu alama ya taifa. Ukiigawa alama hiyo kwa mikoa, kazi, umri na dini, na tofauti ya nchi mbili ikaendelea kusimama, hapo una jambo la kusema kuhusu taifa. Ikiyeyuka, ulikuwa unapima kitu kingine.

Zilikotoka 38 na 65

Usione vyaelea, vimeundwa. Alama hizo ni kazi ya mtafiti Mholanzi, Geert Hofstede, aliyechambua madodoso zaidi ya 100,000 yaliyojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kati ya 1967 na 1973, akachapisha matokeo mwaka 1980. Nguvu ya data yake ndiyo hiyohiyo udhaifu wake. Wajibuji walikuwa na mwajiri mmoja na kazi zinazofanana, kwa hiyo kilichobaki kikiwatofautisha kwa kiasi kikubwa kilikuwa nchi. Lakini mkulima, muuguzi, mwalimu na asiye na ajira hawamo. Kwa hiyo 65 haiwezi kuwa picha ya Ubelgiji nzima. Ni mahali walipoangukia Wabelgiji wa kampuni moja walipopangwa kwenye mstari mmoja na wenzao wa nchi nyingine.

Mstari wenyewe ndio wa kuangalia. Umbali wa mamlaka ni kiasi ambacho walio chini wanategemea, na wanakubali, kwamba madaraka yagawanywe bila usawa. Kwenye mstari huo Austria ipo 11 na Malaysia 104. Umeona imepita 100? Si asilimia. Mtu akiandika "Wabelgiji asilimia 65 wanaogopa wakubwa wao", amebuni takwimu bila kujua. Alama moja ikisimama peke yake haisemi lolote. Inaanza kusema ikiwa na jirani. Na mara nyingine alama moja imefunika mengi: Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilipewa 64 ya pamoja kwa jina la Afrika Mashariki, kwa kuwa wajibuji wa kila nchi walikuwa wachache mno kusimama wenyewe.

Kwa nini Wabelgiji wako watatu hawafanani

Kwa sababu hawatakiwi kufanana. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za tunu za kazi, yaani yale ambayo watu huyathamini kazini, uliochapishwa 2016, ulikuta takriban asilimia 80 ya tofauti zote za tunu zipo ndani ya nchi, si kati ya nchi na nchi. Wabelgiji wawili waliochaguliwa kwa kubahatisha wanaweza kabisa kuachana zaidi ya Mbelgiji wa kawaida na Mholanzi wa kawaida. Wastani wa taifa ni sifa ya taifa, kama vile msongamano wa watu ulivyo sifa ya mji. Humwambii mtu mmoja kwamba amesongamana.

Kosa la kushusha alama ya kundi mpaka kwa mtu linaweza kugeuza ukweli juu chini, na mfano wake ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1950. Mtafiti William Robinson alichukua sensa ya Marekani ya 1930 akalinganisha uwezo wa kusoma na kuandika na kuzaliwa nje ya nchi. Kwa ngazi ya majimbo, majimbo yenye wahamiaji wengi ndiyo yaliyokuwa na wasomaji wengi. Kwa ngazi ya mtu mmojammoja, wahamiaji walikuwa na uwezo mdogo kuliko wenyeji. Data ni ileile, majibu yanakinzana, na yote mawili ni sahihi: wahamiaji walikwenda kuishi kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Kwa hiyo katika ripoti yako, sentensi yoyote inayoanza na "Mbelgiji hu..." ifute. Meneja atakayeisoma ataibeba mpaka kwenye meza ya mtu mmoja mwenye jina lake, na hapo haina kazi.

Je, utamaduni wa Ubelgiji upo?

Yule aliyekwambia haupo ana hoja. Nchi ina jumuiya tatu za lugha: Waflemi wanaosema Kiholanzi kaskazini, wasemao Kifaransa kusini, na jumuiya ndogo ya Kijerumani mashariki. Brussels ni ya lugha mbili. Shule na vyombo vya habari hufuata lugha. Mtu wa Antwerp na mtu wa Liège wanaweza kumaliza mwaka bila kutazama taarifa ya habari moja.

Lakini Hofstede alizitenganisha jumuiya mbili kubwa, na matokeo yake yanastaajabisha: Flanders ya kaskazini 61, Wallonia ya kusini 67. Uholanzi, inayotumia lugha moja na Flanders, ni 38. Yaani kwa kipimo hiki lugha ya pamoja haikumsogeza Mflemi kwa jirani yake wa kaskazini. Amebaki karibu na Mwalloni, na wote wawili karibu na Ufaransa yenye 68. Kwa kutovumilia hali isiyotabirika pengo linajirudia: Ubelgiji 94, Uholanzi 53. Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki yako ni kwamba utamaduni wa pamoja unaweza kuwepo hata kama wenye nao hawaupendi wala hawaujui. Unakaa kwenye jinsi ofisi zinavyopangwa, sheria zinavyoandikwa, nani anatia saini nini, na hayo wamekuwa nayo pamoja tangu 1830.

Uholanzi nayo isikudanganye kwa kuonekana moja. Mpaka miaka ya 1960 jamii yake ilisimama kwenye nguzo: Wakatoliki, Waprotestanti, wasoshalisti, na kundi la waliberali. Nguzo moja ilikuwa na shule zake, gazeti lake, kituo chake cha redio, chama chake cha wafanyakazi. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuzikwa ndani ya nguzo moja. Nguzo zimebomoka lakini alama zake zipo: majimbo ya kusini ya mito mikubwa, Noord-Brabant na Limburg, yana urithi wa Kikatoliki, na upo ukanda wa Waprotestanti washika dini unaopita kutoka Zeeland kuelekea kaskazini-mashariki.

Hapo ndipo ripoti yako inapopata mtego mzuri wa kuijaribu alama ya taifa. Usichukue makundi mawili, chukua manne: Utrecht (katikati ya Uholanzi), Noord-Brabant, Antwerp (Flanders), Liège (Wallonia). Noord-Brabant na Antwerp zimepakana, lahaja zao ni ndugu, dini iliyotawala ni moja, na zamani zilikuwa ndani ya himaya moja ya Brabant. Kinachozitenganisha ni mpaka wa nchi. Watu wa Noord-Brabant wakijibu kama wa Utrecht, basi dola na taasisi zake ndizo zenye uzito. Wakijibu kama wa Antwerp, unachokiita tofauti ya Uholanzi na Ubelgiji kumbe ni tofauti ya eneo na dini. Antwerp ikisimama na Noord-Brabant na Utrecht, na zote tatu zikawa mbali na Liège, lugha ndiyo inayozungumza. Na Antwerp na Liège zikikaa pamoja, ile 65 imepita mtihani. Muundo huu unagharimu kidogo zaidi ya ule wa nchi mbili kavu, lakini unajibu swali ambalo ule hauwezi hata kuliuliza.

Kundi gani ni utamaduni mdogo, na lipi ni safu ya jedwali tu

Dhana hii ilipewa sura mwaka 1947 na mwanasosholojia Milton Gordon: sehemu ya utamaduni wa taifa inayoundwa na mchanganyiko wa tabaka, asili, eneo, mji au shamba, na dini, mchanganyiko unaomgusa mtu kama kitu kimoja. Neno la kushika ni mchanganyiko. "Vijana" ni safu ya jedwali. "Wahandisi vijana wa bandari ya Antwerp waliosoma chuo kimoja" wanaweza kuwa utamaduni mdogo.

Nina maswali matatu ya kupima, na kundi lisipoyapita yote usilipe jina hilo. La kwanza, wenyewe wanajiita nini, na wanamtambuaje asiye wao? La pili, zipo kaida ambazo mtu akizivunja analipishwa na wenzake, kwa kicheko, kwa kununiwa, au kwa kutoitwa tena kwenye vikao? La tatu, mgeni akijiunga anafundishwa na nani, na inamchukua muda gani kuacha kukosea? Swali la pili ndilo lenye mavuno makubwa. Watu hawajui kueleza tunu zao, lakini wanakumbuka vizuri sana nani alichekwa na kwa nini. Uliza hivyo.

Utamaduni wa kazi usiupuuze, kwa sababu unavuka mipaka. Mhasibu wa Utrecht na mhasibu wa Liège wana vitabu vya aina moja, hofu ya ukaguzi ni moja. Lakini usiupe uzito kupita kiasi pia. Marubani wa ndege wamefundishwa kwa taratibu zinazofanana duniani kote, na hata hivyo tafiti zilizowahoji maelfu yao katika nchi nyingi ziliona tofauti za kitaifa bado zipo, hasa katika jinsi rubani msaidizi anavyomkatalia nahodha. Kwa hiyo katika makundi yako manne hakikisha kazi ni zilezile: kama Antwerp umehoji watu wa ghala na Utrecht watu wa masoko, umelinganisha ghala na masoko.

Dodoso: hesabu inayosahauliwa

Ukitumia dodoso la Hofstede lililopo sasa, la mwaka 2013, lina maswali 24 ya maudhui, manne kwa kila kimoja cha vipimo sita, na kipimo cha majibu ni 1 mpaka 5. Umbali wa mamlaka hupatikana hivi: wastani wa swali la 7 toa wastani wa swali la 2, zidisha kwa 35, wastani wa swali la 20 toa wa swali la 23, zidisha kwa 25, jumlisha, kisha ongeza namba ya kudumu unayoichagua mwenyewe ili alama zikae kati ya 0 na 100.

Soma tena hiyo sehemu ya mwisho. Namba ya kudumu unaichagua mwenyewe. Maana yake alama ulizokokotoa wewe haziwezi kuwekwa kando ya 38 na 65 za kitabuni. Kosa hili ni la kila siku: mtu anahoji watu 60 wa nchi moja, anapata 52, anaandika kwamba umbali wa mamlaka "umeshuka kutoka 65". Haujashuka, amepima kwa rula isiyo na sifuri ileile. Ukitaka kulinganisha, makundi yote yapimwe na wewe, kwa wakati mmoja, na namba ya kudumu itajifuta yenyewe ukitoa kundi moja kwa jingine.

Sasa angalia ile 35. Wastani wa swali moja ukihama kwa 0.2 tu, alama inaruka kwa 7. Na wastani unahama kirahisi. Tuseme majibu yametawanyika kwa kiasi cha kawaida, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyoachana na wastani) wa 1, na kila kundi lina watu 50, ambao maelekezo ya dodoso lenyewe yanawaona kuwa idadi nzuri (chini ya 20 yanakataza). Kosa la sampuli la kila swali, yaani kiasi ambacho wastani huyumba kwa bahati ya nani ameulizwa, ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 50, yaani 0.14. Ukilipitisha kwenye fomula unapata kosa la alama kama 8.6 kwa kundi, na kama 12 kwa tofauti ya makundi mawili. Ili tofauti iwe nje ya bahati inahitaji kufika mara mbili ya hapo: pointi 24. Pengo la 38 na 65, ambalo ni 27, lingepita kwa shida. Pengo la Flanders na Wallonia, 6, lisingeonekana kabisa. Ukiwa na 200 kwa kila kundi kizingiti kinashuka mpaka 12.

Kwa hiyo chagua. Makundi manne ya watu 200 ni watu 800, kazi ya shirika kubwa. Kama uwezo ni watu 200 kwa jumla, changanya makundi mawili ya kila nchi unapozungumzia nchi (100 kwa 100, kizingiti kama 17), na matokeo ya mikoa yaeleze kwa mwelekeo tu, bila namba za kuringia. Mimi ningependa zaidi upunguze vipimo kuliko watu. Mameneja wako hawahitaji vipimo sita. Wanahitaji kujua kimoja au viwili kwa uhakika.

Neno moja linavyoharibu swali

Swali la 20 linauliza ni mara ngapi wafanyakazi wanaogopa kumpinga bosi wao. Litazame kwa Kiswahili kwanza ili uone tatizo litakalotokea pia kwa Kiholanzi na Kifaransa. Ukiandika "kumpinga", umeleta upinzani. Wengi watasema ndiyo, wanaogopa. Ukiandika "kutofautiana naye", umeleta maoni, hofu inapungua. Ukiandika "kumkosoa", umeingiza heshima na adabu. Watu ni walewale, ofisi ni ileile, na umeshahamisha wastani zaidi ya 0.2 bila utamaduni kubadilika hata chembe.

Majina ya vipimo nayo ni hatari. Kile kipimo cha mtu kujihesabu yeye na familia yake ya karibu kabla ya kundi, wengi huandika "ubinafsi". Kwa Kiswahili ubinafsi ni tusi. Upande wa pili wakaandika "ujamaa", neno lenye historia nzito ya kisiasa. Msomaji ameshachagua upande kabla hajafika kwenye data. Andika maelezo marefu, "kujitegemea kwa mtu" na "kushikamana na kundi", usiogope urefu.

Njia iliyozoeleka ya kukagua tafsiri ni mtu wa pili kuirudisha kwenye lugha ya awali bila kuiona ile asilia, kisha mnalinganisha. Ifanye, lakini usiiamini peke yake: mfasiri hodari hukisia ulichokusudia na kukirekebishia kosa bila wewe kujua. Ongeza mahojiano na watu watano hadi kumi kwa kila lugha. Mtu ajibu swali, halafu umwambie: nieleze kwa maneno yako nimekuuliza nini, na ulikuwa unamfikiria nani ulipojibu. Swali la "ulikuwa unamfikiria nani" hufichua mengi. Mmoja alimfikiria msimamizi wa zamu, mwingine mkurugenzi asiyewahi kumwona.

Hapo tumegusa kasoro kubwa kuliko ya lugha. Mtu anapojiweka kwenye kipimo cha 1 mpaka 5, anajilinganisha na waliomzunguka. Mholanzi anayesema "bosi wangu ni mkali" anapima kwa mabosi wa Kiholanzi, Mbelgiji kwa mabosi wa Kibelgiji. Kila mmoja ana rula yake, na tofauti halisi ya nchi inafutika. Dawa yake ni kuwapa wote kitu kimoja cha kupimia. Kabla ya swali kuhusu bosi wao, wape visa vitatu vifupi, kwa mfano: "Kwenye kikao cha watu 12 mkuu wa idara ametaja jumla isiyo sahihi. Mhasibu kijana amesahihisha palepale. Mkuu amesema 'tutaliangalia baadaye' na kuendelea." Waulize: mkuu huyu ni mkali kiasi gani, 1 mpaka 5? Kama Utrecht wanampa 4 na Liège wanampa 2, umeshaiona tofauti ya rula, na majibu yao kuhusu bosi wao wenyewe utayasoma kwa kuanzia kwenye kisa hicho. Mara nyingi visa ndivyo vinavyotoa matokeo bora kuliko dodoso lenyewe.

Wapo pia wanaokubali kila kitu, na wanaopenda ncha, 1 au 5 tu. Tabia hizo hutofautiana kwa nchi. Kwa kila mjibuji toa wastani wake wa maswali yote kutoka kwenye kila jibu, halafu ndipo ulinganishe. Maswali machache ya kugeuzwa, ambayo mkubali-yote atajikuta anajipinga, yatakuonyesha ukubwa wa tatizo.

Jambo moja zaidi kuhusu kuuliza. Tofautisha "hapa mambo yako hivi" na "mambo yanapaswa kuwa hivi". Mradi mkubwa wa utafiti wa tamaduni uitwao GLOBE, uliohoji mameneja wapatao 17,000 katika jamii 62, uliuliza yote mawili. Kwa kipimo cha 1 mpaka 7, wastani wa umbali wa mamlaka uliopo ulizidi 5, na wa ule unaotakiwa haukufika 3. Kwa vipimo saba kati ya tisa, jamii zilizokuwa juu kwa kilichopo zilielekea kuwa chini kwa kinachotakiwa. Mtu asiyetenganisha maswali haya anaweza kuripoti kiu ya jamii kama ndiyo hali yake. Kila swali lako liwe na neno "hapa" au neno "ingekuwa vizuri", lisiwe katikati.

Kaa kwenye vikao na uhesabu

Dodoso linakupa watu wanavyosema. Kwa mameneja wanaohamishwa, yanayotokea kwenye chumba cha mkutano yana faida zaidi. Omba ruhusa ukae kwenye vikao kumi kwa kila ofisi, vya aina moja, mathalani cha kila wiki cha idara, na urekodi mambo manne tu kwa karatasi na saa. Nani anazungumza kwanza baada ya mwenyekiti, na ana cheo gani. Kimya kinachofuata swali lililoulizwa kwa wote ni cha sekunde ngapi. Pendekezo la mkubwa limepingwa mara ngapi, na kwa maneno gani hasa, yaandike yalivyo. Na uamuzi umefanywa humo ndani, au umetangazwa tu ukiwa umeshafanywa kwingine.

Hilo la nne ndilo ninalokuhimiza ulitazame kuliko yote, kwa kuwa linabadilisha maana ya mengine. Kimya kwenye kikao kinachoamua si sawa na kimya kwenye kikao kinachotangaza. Mgeni anayeona watu hawapingi huandika "woga". Kumbe walishapinga juzi, kwa simu, mtu na mtu, na kikao ni cha kuthibitisha. Fuatilia maamuzi matatu ya kila ofisi kuanzia lilipoanza wazo: nani alizungumza na nani, lini, wapi. Kama njia ya kupinga ipo ila imepitishwa pengine, tofauti ya nchi mbili ni ya mahali, si ya ujasiri, na meneja anahitaji kuambiwa mahali penyewe.

Kuiandika ripoti

Kila dai kwenye ripoti yako libebe vitu vitano: nani, wangapi, lini, katika kitendo gani, na tofauti ndani ya kundi ina ukubwa gani. Linganisha maandishi mawili. La kwanza: "Wabelgiji wana heshima kwa mamlaka na hawapendi kumkosoa bosi hadharani." La pili, kwa namba za kubuni nilizoweka ili uone umbo lake: "Katika vikao 20 vya idara za fedha za Antwerp na Liège, pendekezo la mkuu lilipingwa kikaoni mara 4; katika vikao 20 vya Utrecht na Noord-Brabant, mara 19. Liège na Antwerp hazikutofautiana. Kati ya maamuzi 6 ya Ubelgiji tuliyofuatilia, 5 yalijadiliwa na kupingwa kabla ya kikao." La kwanza linampa meneja sifa ya watu. La pili linamwambia apige simu Jumatatu kabla ya kikao cha Jumatano.

Panapotokea mkoa au idara inayokwenda kinyume na taifa lake, iweke hapohapo kwenye aya, kando ya wastani, kwa saizi ileile ya herufi. Na ukigundua kwamba watu wa fedha wa nchi zote mbili wanafanana kuliko wanavyofanana na watu wa ghala wa nchi zao, sura hiyo isigawanywe kwa nchi kabisa. Igawe kwa idara, na nchi ziwe safu za ndani.